DERRICK THOMAS: SHUJAA WA JEZI NAMBARI 58

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii twaijua sote tangu shule ya msingi, na wengi wetu huitia katika insha ili kumfurahisha mwalimu, kisha tukaisahau papo hapo. Mwaka huu, wanachama na wasomaji wapenzi, ukurasa wetu wa maisha ya watu mashuhuri unatuvusha bahari hadi Marekani, tukamtazame mwanaspoti aliyeziba nyufa nyingi maishani mwake. Aliziba ufa wa uyatima, akaziba ufa wa utukutu, na akawasaidia watoto wa watu wengine kuziba zao. Ufa mmoja tu aliudharau, mwembamba kama upana wa vidole vitatu, na huo ndio uliomwangusha. Jina lake ni Derrick Thomas.

MTOTO WA RUBANI

Derrick Vincent Thomas alizaliwa tarehe 1 Januari 1967 mjini Miami, katika jimbo la Florida. Mama yake aliitwa Edith. Baba yake, Robert Thomas, alikuwa kapteni katika jeshi la wanahewa la Marekani, akirusha zile ndege kubwa za kudondosha mabomu ziitwazo B-52. Enzi hizo nchi yake ilikuwa imezama hadi shingoni katika vita vya Vietnam.

Mnamo Desemba 1972, siku chache kabla ya Krismasi, Rais Richard Nixon aliamuru ndege hizo ziishambulie miji ya Hanoi na Haiphong. Mashambulizi yaliendelea kwa muda wa siku 11, na B-52 zipatazo 15 zilitunguliwa. Mojawapo ilikuwa ile aliyokuwamo Kapteni Thomas. Hakurudi nyumbani tena. Derrick alikuwa na umri wa miaka mitano, akikaribia kutimiza sita.

Sasa msomaji, sikiliza ajabu hii. Mashambulizi yale wanajeshi waliyabandika jina la Linebacker. Hilo si jina la silaha wala la mto. Ni jina la nafasi mojawapo katika kandanda ya Kimarekani. Na kumbe ndiyo nafasi ambayo yatima yule angekuja kuicheza hadi ajulikane nchi nzima.

MKONO MMOJA HAULEI MWANA

Mama Edith alijitahidi kadiri ya uwezo wake, lakini mkono mmoja haulei mwana. Derrick alikua bila baba wa kumkanya katika mitaa ya Miami ambayo ilijaa vishawishi vya kila aina. Alipoingia umri wa kubaleghe akaanza kuandamana na marafiki wabaya. Wizi ukawa mchezo, na polisi wakalijua jina lake mapema kuliko makocha. Akakamatwa, akazuiliwa korokoroni pamoja na vijana watundu wenzake.

Hapo ndipo bahati ilipomfumbulia jicho moja. Badala ya kuachwa aozee mle ndani, alipelekwa katika mpango wa kuwarekebisha vijana ulioitwa Dade Marine Institute. Huko vijana walifunzwa masomo ya darasani pamoja na kazi za baharini, tena kwa nidhamu kali. Samaki hukunjwa angali mbichi, na huyu alikunjika. Alipotoka akarudi shuleni, akavaa jezi ya South Miami High School, na nguvu zile zilizokuwa zikiruka nyua za watu usiku zikapata mahali pa halali pa kutumika.

MCHEZO WENYEWE

Labda wengi wetu twaijua raga zaidi kuliko kandanda ya Kimarekani, kwa hivyo ni vizuri nieleze kidogo. Mpira wao una umbo la yai, kama ule wa raga. Timu ni mbili, kila moja ina wachezaji 11 uwanjani, wamevaa helmeti vichwani na vikinga mabegani. Uwanja una urefu wa yadi 100 kati ya mistari ya magoli. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu inapewa mengine manne. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kwa sababu ya woga wa kushindwa, jaribio la nne timu nyingi hutumia kuupiga mpira mbali tu. Yaani jaribio la tatu ndilo la kufa na kupona.

Mwenye kuongoza mashambulizi ni mrushaji. Huyu hupokea mpira, akarudi nyuma hatua kadhaa, akatazama ni mwenzake yupi aliye peke yake, kisha akaurusha. Mbele yake wanasimama majitu matano yenye kazi ya kumlinda. Upande wa pili, nyuma ya safu ya kwanza ya walinzi, ndipo anaposimama lainbeka. Kazi zake ni tatu: kumzuia anayekimbia na mpira, kuwafunika wanaotaka kudaka, na kumwinda mrushaji. Akimfikia na kumwangusha kabla mpira haujamtoka mkononi, timu ya mrushaji inarudi nyuma na jaribio linapotea. Kosa hilo moja laweza kugeuza mechi nzima.

Derrick Thomas alikuwa bingwa wa kazi hii ya tatu. Alikuwa na kimo cha futi 6 na inchi 3, lakini hakuwashinda watu kwa mwili mkubwa, maana wale walinzi walikuwa wazito kumpita. Silaha yake ilikuwa hatua ya kwanza. Mpira ulipotikisika tu, yeye alikuwa ameshaondoka kama mshale. Alipita pembeni, akaliinamisha bega hadi karibu na nyasi, akamzunguka mlinzi kabla huyo hajainua mikono. Alipomfikia mrushaji hakutosheka na kumkumbatia. Aliupiga mkono ulioshika mpira ili mpira udondoke, wenzake wauokote. Hii ikawa kama sahihi yake.

KUTOKA ALABAMA HADI KANSAS CITY

Mwaka wa 1985 alijiunga na Chuo Kikuu cha Alabama, chuo ambacho kandanda kwao ni karibu na dini. Katika msimu wa 1988 peke yake aliwaangusha warushaji mara 27, na alipomaliza chuo jumla yake ilikuwa mara 52. Mwaka huo akatunukiwa tuzo ya Butkus, ambayo hupewa lainbeka bora wa vyuo vikuu.

Aprili 1989 timu za ligi kuu, yaani NFL, zilikaa kuchagua vijana kutoka vyuoni. Desturi yao ni kwamba timu iliyofanya vibaya zaidi ndiyo huchagua mapema. Kansas City Chiefs ilikuwa imeshinda mechi 4 tu kati ya 16, kwa hivyo ikachagua ya nne, nayo ikamchukua Thomas. Timu hiyo ilikuwa kama ng'ombe aliyesahaulika malishoni. Tangu mwaka wa 1972 ilikuwa imefika hatua ya mchujo mara moja tu. Mwaka huo huo ikapata kocha mpya, Marty Schottenheimer, na mambo yakaanza kubadilika.

Msimu wake wa kwanza Thomas alichaguliwa mlinzi bora chipukizi wa ligi. Msimu wa pili aliangusha warushaji mara 20, akaongoza ligi nzima. Kuanzia 1990 hadi 1997 Chiefs ilifika mchujo mara saba katika misimu minane. Uwanja wao wa Arrowhead, uliokuwa ukibaki na viti vitupu, sasa ulifurika watu zaidi ya 70,000, na kelele zao zilikuwa nyingi kiasi kwamba warushaji wa timu ngeni hawakuweza kusikizana na wenzao. Mara tisa mfululizo Thomas aliitwa katika Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi.

SABA NA MMOJA

Siku ambayo haitasahaulika ni tarehe 11 Novemba 1990. Nchini Marekani hiyo ni siku ya kuwakumbuka watu waliotumikia jeshi. Chiefs ilikuwa nyumbani ikicheza na Seattle Seahawks. Bila shaka moyoni mwa kijana yule baba yake alikuwepo, na alicheza kana kwamba anatazamwa naye.

Dave Krieg, mrushaji wa Seattle, aliiona siku ile kama jinamizi. Kila alipogeuka aliiona jezi nambari 58. Thomas alimwangusha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi zikatimia mara saba. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo katika mechi moja tangu ligi ianze kuweka hesabu rasmi mwaka wa 1982, na zaidi ya miaka 30 baadaye hakuna aliyemfikia. Thomas mwenyewe alijaribu tena mwaka wa 1998 dhidi ya Oakland, akapata sita.

Lakini ngoma ilikuwa haijesha. Chiefs ilikuwa ikiongoza kwa alama 16 kwa 10, na mchezo wa mwisho kabisa ndio uliosalia. Krieg akapokea mpira, akarudi nyuma. Thomas akamjia kama kawaida, akamfikia, akamgusa, mikono ikawa imeshamzunguka. Hiyo ingekuwa mara ya nane. Krieg akapepesuka, asianguke. Akachomoka, akaurusha mpira yadi 25 hadi kwa Paul Skansi, ambaye aliudaka ndani ya eneo la magoli. Alama zikawa 16 kwa 16, na teke la nyongeza likaipa Seattle ushindi wa 17 kwa 16.

Fikiria, mwenzangu. Mtu amefanya vizuri mara saba, tena vizuri kuliko yeyote kabla yake, halafu mkono umeteleza mara moja tu na timu ikaenda nyumbani mikono mitupu. Rekodi ni yake, mechi ni ya wengine. Habari ya siku ile ni fumbo, na jibu lake tutaliona mbele.

JARIBIO LA TATU

Mwaka huo huo wa 1990 Thomas alianzisha wakfu alioupa jina la Third and Long. Jina hilo limetokana na uwanja: ni jaribio la tatu, na yadi za kwenda bado ni nyingi. Timu iliyofika hapo imeshakosea mara mbili na mambo ni magumu, ila haijashindwa. Thomas aliona kuwa watoto wa mitaa maskini ya Kansas City wako katika hali hiyo hiyo, na yeye mwenyewe aliwahi kuwa hapo kule Miami. Uwanjani jaribio la tatu ndilo lililokuwa wakati wake wa kuwaangamiza wapinzani. Huku nje aligeuza upande akawa msaidizi.

Na aliwasaidia kwa nini? Si kwa mipira wala viatu, bali kwa vitabu. Siku za Jumamosi, wakati wanaspoti wengine maarufu wakijipumzisha, alikwenda katika maktaba za mjini akaketi na watoto, wakasoma pamoja kwa sauti. Kwa watoto ambao hawakuwahi kumwona mwanamume mtu mzima ameshika kitabu, kumwona jitu la Arrowhead likifuata mistari kwa kidole lilikuwa somo tosha. Rais George Bush, yule baba, alimtaja miongoni mwa wananchi wa kujitolea waliokuwa nuru kwa nchi. Mwaka wa 1993 NFL ikampa tuzo ya mtu bora wa mwaka, tuzo ambayo hutolewa kwa kazi ya mchezaji nje ya uwanja na ambayo baadaye ilipewa jina la Walter Payton.

Mwaka huo wa 1993 vile vile alialikwa kuhutubia mjini Washington, kwenye ukuta wa kumbukumbu ya vita vya Vietnam. Ukuta huo mweusi umechorwa majina zaidi ya 58,000, na la baba yake ni mojawapo. Mtoto wa miaka mitano aliyeambiwa baba harudi alisimama hapo akiwa mtu mzima, akawazungumzia watoto wengine wa vita.

MALAIKA HAKUWA

Tusimpambe marehemu kwa maua yasiyo yake. Kikombe kikubwa cha ligi, yaani Super Bowl, hakuwahi hata kukikaribia uwanjani. Mara pekee timu yake ilipobakisha hatua moja ni tarehe 23 Januari 1994, wakiwa na mrushaji mkongwe Joe Montana, na Buffalo Bills wakawachapa 30 kwa 13.

Aidha hasira zake ziliwahi kumtia aibu. Novemba 1998, timu ikizabwa na Denver Broncos mbele ya nchi nzima kwenye televisheni, alipandwa na mori akafanya makosa matatu ya utovu wa nidhamu katika dakika za mwisho. Timu yake mwenyewe ikamfungia nje mechi moja. Wengine wangenuna na kudai kuonewa. Yeye aliomba radhi, akatumikia adhabu, akarudi kazini.

SIKU YA THELUJI

Msimu wa 1999 ulikwisha mwanzoni mwa Januari 2000, Chiefs ikakosa kufuzu. Jumapili ya tarehe 23 Januari, miaka sita kamili tangu siku ile ya Buffalo, Thomas alishika usukani wa gari lake kuelekea uwanja wa ndege wa Kansas City. Alikuwa na wenzake wawili, na nia yao ilikuwa kwenda St. Louis kutazama mechi ya mchujo. Theluji ilikuwa ikianguka na barabara imekuwa telezi kama sabuni. Polisi walisema baadaye kwamba alikuwa akienda kasi. Gari likapoteza mwelekeo, likabingirika.

Ndani ya gari lile kulikuwa na watu watatu. Thomas hakuwa amefunga mkanda wa usalama, wala mmoja wa wenzake. Wote wawili walirushwa nje. Mwenzake alikufa. Thomas alivunjika uti wa mgongo na shingo, akapooza kuanzia kifuani kwenda chini. Wa tatu alikuwa amefunga mkanda wake. Huyo alitoka katika mabaki ya gari na majeraha madogo tu.

Alihamishiwa hospitali ya Jackson Memorial huko Miami, alikozaliwa. Madaktari wakamfanyia upasuaji, na mashabiki wakaanza kutumaini kwamba angalau angeishi. Lakini mtu aliyelala bila kuweza kutikisa miguu huwa katika hatari nyingine isiyoonekana: damu ya miguuni husimama, ikaganda, na bonge lake laweza kusafiri hadi mapafuni na kuziba njia. Ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 8 Februari 2000, alipokuwa akitolewa kitandani kuwekwa katika kiti cha magurudumu, moyo ulisimama. Alikuwa na umri wa miaka 33.

Mwili wake ulipelekwa Arrowhead, na maelfu ya watu wakapanga foleni katika baridi kumpa mkono wa buriani. 

ALIYOYAACHA

Kwa misimu 11 Thomas aliichezea timu moja tu, na jumla yake ya kuwaangusha warushaji ni 126.5. (Ile nusu ni pale watu wawili wanapomwangusha mtu mmoja kwa pamoja, kila mmoja akapata nusu.) Tuzo ya mchezaji bora wa mwaka wa Chiefs ilipewa jina lake. Mwaka wa 2009 aliingizwa katika Jumba la Wasifika wa kandanda ya Kimarekani lililoko Canton, Ohio, na timu ikaistaafisha jezi nambari 58, hakuna atakayeivaa tena.

Tarehe 2 Februari 2020, zikiwa zimebaki siku sita tu itimie miaka 20 tangu afe, Chiefs ilishinda Super Bowl kwa mara ya kwanza katika miaka 50. Mechi yenyewe ilichezewa wapi? Miami, huko huko alikozaliwa na alikofia. Angekuwa hai angekuwa na miaka 53, na pengine angekuwa ameketi jukwaani pamoja na wale watoto wa maktaba, ambao sasa ni watu wazima wenye watoto wao.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, mtu aliyeanza vibaya si lazima aishie vibaya. Kama yupo miongoni mwetu aliyewahi kuadhibiwa hata akajiona si kitu, akumbuke kijana wa Dade Marine Institute. Jaribio la tatu si la mwisho.

Pili, kusoma si kazi ya wanyonge. Shujaa aliyewatetemesha wanaume wenye miraba minne hakuona haya kukaa na kitabu cha watoto. Nasi tusione haya kuonekana maktabani wakati wa michezo umekwisha.

Tatu, na hili ndilo jibu la lile fumbo la saba na mmoja. Wahenga walisema pia kuwa ajali haina kinga. Kwa heshima zote nawaomba wahenga watuwie radhi, kwani gari lile lilikuwa na ajali moja, theluji moja na barabara moja, lakini mwenye kinga alitoka kwa miguu yake. Mema yote aliyoyafanya Thomas, warushaji wote wale, vitabu vyote vile, havikuweza kufanya kazi ya mkanda ule mmoja. Shule ikifungwa sote tutapanda mabasi na matatu kwenda makwetu, wengine usiku, wengine katika barabara zenye utelezi wa mvua. Utauona mkanda pembeni mwa kiti. Huenda jirani yako akakucheka kwamba unajifanya mwoga. Mwache acheke. Ufunge, kisha umwambie naye afunge wake.